Jiwe Lililolala Kifudifudi

Ilikuwa Alhamisi, na Jumapili ndiyo siku ya kupamba makaburi. Tansy Ratliff alipanda kilimani na ndoo ya maji, brashi, mtaimbo na mpango mmoja kichwani. Alitaka kumhonga babu yake.

Kila mwisho wa Mei ukoo wa Ratliff hupanda huko juu ya bonde la Sorrel Fork, Kentucky, wakasugua mawe, wakang'oa magugu, wakaweka maua, kisha wakala palepale kwenye nyasi, walio hai wamekaa na waliokufa wamelala. Kazi ya kusugua mawe ilikuwa ya Babu Denzil miaka yote. Mwaka huu goti lake liligoma, kazi ikamwangukia Tansy, naye wala hakununa. Alikuwa na miaka kumi na sita na shuleni walimwita Bubu. Hakuwa bubu. Maneno alikuwa nayo, ila yakifika kooni yanageuza njia. Makaburini hakuna anayekuuliza mbona husemi.

Hongo yenyewe ilikuwa jiwe. Jiwe la Elihu Ratliff, babu wa babu yake Babu Denzil, lilianguka kifudifudi zamani, Babu mwenyewe hajazaliwa, na hakuna aliyewahi kuliinua. Udongo ulilipanda, majani ya kutambaa yakalifunika, ukabaki kuonekana mgongo wake kidogo tu, kama mgongo wa kobe. Kando yake Babu alichomeka bendera ndogo ya Kusini, ya majimbo yaliyojitenga na Marekani ili utumwa uendelee, ile nyekundu yenye msalaba wa buluu na nyota, na kila mwaka alibadilisha mpya. Kisha alisimama mbele ya ukoo mzima, kofia mkononi, akahadithia jinsi Elihu alivyopigania Kusini katika vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, akarudi Kentucky kwa miguu na kiatu kimoja.

Tansy aliwaza hivi: nikimsimamishia jiwe la Elihu, Babu atafurahi mpaka machozi, na hapo ndipo nitamwomba. Atashusha ile bendera kubwa ya bandani. Hata kwa siku moja.

Maana ya bandani ilikuwa kubwa kama shuka la kitanda, imepigiliwa misumari kwenye mbao za banda la tumbaku, na mtu yeyote akikata kona ya Sorrel Fork lazima imkodolee macho. Curtis aliiona. Curtis ni mume wa Marlena, mama yake Tansy, mtu mweusi, fundi wa mabasi ya shule huko Ohio, ng'ambo ya mto. Marlena alivuka kwenda kufanya kazi hospitali, akaolewa huko, akazaa Simone. Tansy akabaki kwa ajili ya shule na kwa ajili ya Babu. Siku Curtis alipomleta mkewe na mtoto mchanga kusalimia, alifika konani, akasimamisha gari, akaitazama, akageuza. Hata honi hakupiga.

Jioni ile Marlena alipiga simu. "Baba, kitu kile kikiwa pale, mwanangu hapiti chini yake."

"Ni bendera ya Elihu," Babu akajibu. "Siishushi ya Elihu kwa ajili ya mtu."

Basi kila mmoja akakaa upande wake wa mto. Simone sasa alikuwa na miaka mitano, na Babu hajawahi kumshika mkono. Tansy ndiye aliyekuwa akienda kwa basi, likizo kwa likizo, kama barua.

Jumatano alikuwa amemuuliza mama yake kwenye simu, "Ikishushwa Jumapili tu, utakuja?"

Marlena akaguna. "Siku moja? Kama wanavyofunika vioo kwenye nyumba ya msiba?" Kisha akavuta pumzi. "Haya. Ikishuka, nitakuja. Nimepakumbuka nyumbani, Tansy. Hujui tu."

Ndiyo maana alikuwa hapa na mtaimbo.

Jiwe lilikuwa zito, lakini Tansy amekulia kwenye tumbaku, anajua kuinua. Alichimba pembeni, akapenyeza mtaimbo, akabonyeza, akasukumia jiwe dogo chini. Akabonyeza tena, akaongeza jingine. Vidole vinne, kiganja, shubiri. Mchwa wakakimbia huku na huko wamepigwa na jua. Mwisho jiwe likaegemea rundo la mawe, nusu limesimama, uso umejaa tope. Akalimwagia maji, akasugua.

Kwanza likatokea jina. ELIHU RATLIFF. Akatabasamu peke yake. Kisha ikatokea ngao iliyochongwa kuzunguka jina. Akasugua juu, akitafuta ncha. Hakukuwa na ncha. Kichwa cha jiwe kilikuwa cha mviringo, laini kama mgongo wa kijiko.

"Wee Tansy! Unafukua au unazika?"

Alikuwa Bibi Vesta, dada yake Babu, anapanda na maua ya plastiki kwapani, anahema kama trekta bovu.

Tansy akasogea pembeni, amwachie aone. Bibi Vesta akavaa miwani, akasoma. Akaivua, akaifuta kwa blauzi, akaivaa tena, kana kwamba kosa ni la miwani.

"Mh," akasema.

"Bibi, mbona halina ncha?"

"Unaniuliza nini na wewe unaona? Mawe ya askari wa Kusini yana ncha juu. Tangu tuko wadogo tunaambiwa, wameyachonga hivyo ili Myankii wa Kaskazini asije kuyakalia. La mviringo lenye ngao ni la Kaskazini." Akaanza kucheka, kwanza puani, halafu tumbo zima, mpaka akakalia jiwe la shangazi yake. "Yesu wangu! Elihu! Miaka yote tunakuchomekea bendera ya watu uliokuwa unawapiga risasi!"

"Hadithi ilitoka wapi sasa?"

"Mdomoni, itoke wapi? Bibi yetu alisema Elihu alikwenda vitani. Upande hakusema, na sisi hatukuuliza. Nani angeuliza? Tunavyoongea ni Kusini, tunavyokula ni Kusini. Mwalimu alitufundisha kabisa kwamba Kentucky haikujitoa Marekani hata siku moja. Tukaandika kwenye mtihani, tukafaulu, tukarudi nyumbani tukapepea bendera." Akajifuta macho. Kicheko kikamwisha ghafla. "Lirudishe."

"Nirudishe?"

"Lilaze lilivyokuwa. Amelala kifudifudi miaka themanini, keshazoea. Kaka yangu ana sabini na mbili, Tansy. Mtu wa umri huo humwambii babu yake si babu yake."

"Ni babu yake bado," Tansy akasema, chini chini.

"Umesemaje?"

"Hamna."

Bibi Vesta akaweka maua yake, akashuka. "Mimi sijaona kitu," akasema bila kugeuka. "Miwani yangu mibovu."

Tansy akabaki ameshika brashi. Bendera ya bandani ilikuwa imesimama kwa mguu mmoja tu, nao ni Elihu. Sasa mguu haupo. Akisema, huenda ikaanguka, na Mama akaja. Lakini Babu ndiye mtu pekee aliyejua kumsubiri Tansy. Wengine wakiona amekwama wanamvutia maneno mdomoni kama wanang'oa jino. Babu anakaa tu, anachonga kijiti, mpaka neno lifike lenyewe. Na hadithi ya Elihu ndiyo iliyomfanya Babu asimame wima mara moja kwa mwaka. Unamnyang'anyaje mtu kama huyo?

Hakulilaza jiwe. Wala hakulisimamisha. Alilifunika na gunia, akateremka.

Chakula cha jioni kilikuwa maharage na mkate wa mahindi, na vitunguu vibichi kutoka bustanini. Babu alikuwa na furaha.

"Sikiliza," akasema, akikata mkate. "Mwaka huu nimeongeza kidogo. Elihu anafika mtoni, kumeganda barafu. Anavuka. Kiatu kinabaki kwenye barafu."

"Mwaka jana kiatu kiliibiwa."

"Mwaka jana nilikuwa sijafikiria vizuri."

Tansy akacheka, na kicheko kikamfungulia koo. "Babu."

Babu akafuta sahani kwa kipande cha mkate, taratibu, akisubiri.

"Nimeinua jiwe la Elihu."

Uso wa mzee ukawaka. "Peke yako? Na mikono hiyo? Baba yangu na kaka zake wanne walisema haliinuki!" Akapiga meza. "Waambie hao wanaokuita bubu wakaliinue wao!"

Hapo ndipo ilipokuwa ngumu zaidi. Tansy akatazama chumvi. "Lina kichwa cha mviringo."

Babu akaweka mkate chini. Mawe anayajua, ameyasugua miaka hamsini. "Ncha imevunjika."

"Haijavunjika."

"Mvua zimeila."

"Lilikuwa limelala, Babu. Mvua haijaliona. Tena lina ngao."

Babu akainuka, akamwagia mbwa maharage yaliyobaki, akasema, "Kesho," akaingia chumbani na jua bado liko dirishani.

Ijumaa walipanda na trekta, Tansy amesimama nyuma, kokoto ndoo mbili na pima maji ya kunyooshea jiwe miguuni. Babu aliondoa gunia mwenyewe. Akapiga goti zima lile lisilouma, akasoma kwa kidole, herufi moja moja, kama kipofu. Akakipitisha kidole kwenye ngao. Akakipandisha juu, akazunguka nacho ule mviringo, kwenda na kurudi.

"Wamemletea jiwe la mtu mwingine," akasema. "Serikali hiyo, si ndiyo inayoleta mawe ya askari."

"Elihu Ratliff wako wangapi?"

"Wapo."

"Wenye mke Sarepta amelala pembeni?"

Babu akatazama jiwe la pembeni, lililoandikwa SAREPTA, MKE WA ELIHU. Akasema, "Lete kokoto."

Wakafanya kazi. Wakachimba shimo, wakashindilia kokoto, wakalifunga jiwe kamba na kulivuta na trekta polepole mpaka likasimama. Babu akaweka pima maji, akagonga kushoto, akagonga kulia, akapima tena. Alilinyoosha jiwe lile kama mtu anayemfunga babake tai.

"Babu," akasema walipomaliza. "Na ya bandani?"

"Ya bandani haimhusu Elihu."

"Ulimwambia Mama ni yake."

"Nilimwambia."

"Sasa kama si yake, ni ya nani?"

Babu akakaa kwenye tairi la trekta, akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo.

"Nilikuwa na miaka ishirini na moja," akasema. "Nafanya kazi kiwandani Ohio, kama kila mtu wa huku. Ukifungua mdomo tu, wanacheka. Wanauliza, kwenu mnavaa viatu? Wanauliza, ni kweli mnaoa dada zenu? Msimamizi alikuwa ananiita Mwiba, kwa sababu ndivyo walivyotuita watu wa vilimani. Jina langu hakulijua mpaka nimeacha kazi. Ijumaa moja narudi nyumbani, nikasimama kituo cha mafuta, bendera hizi zinauzwa. Nikasema, haya, mnataka nisiwe mwenzenu? Basi si mwenzenu. Nikaipigilia bandani wikiendi ile ile. Mambo ya Elihu niliyabandika baadaye, mtu aliponiuliza kwa nini."

Tansy alikuwa hajawahi kusikia hayo. Alimwona Babu kijana, mkimya, katikati ya watu wanaocheka, na akamjua kabisa mtu huyo. Angeweza kuishia hapo. Maneno yalikuwa yameanza kugeuza njia. Akapiga moyo konde.

"Na Simone alikucheka lini?"

Babu akainua kichwa.

"Waliokucheka ni wale wa kiwandani," Tansy akasema, na sauti yake ilikuwa inakatika. "Wao hawapiti hapa. Hawajawahi kuiona. Aliyeiona ni Curtis. Simone hajui hata wewe una sura gani."

Upepo ukapita kwenye nyasi. Babu akavaa kofia, akawasha trekta, akashuka bila kumwambia panda. Tansy alitembea nyuma yake kilima kizima, akijiambia, basi, nimekwisha.

Jumamosi nyumba ilikuwa na mabubu wawili. Babu alipitisha chumvi bila kuombwa, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo. Bendera ilikuwa ikipepea bandani kama kawaida yake. Jioni Tansy akamtumia mama yake ujumbe: Bado. Mama yake akajibu: Najua, mwanangu. Kula vizuri.

Jumapili watu wakapanda na sufuria zao. Kuku wa kukaanga, mayai, saladi ya viazi aina tano na kila aliyeipika anaangalia ya nani inaisha kwanza. Walipokwisha kuimba, wakageukia kaburi la Elihu kumsubiri Babu, ndipo wakaliona jiwe limesimama. Minong'ono ikaanza. Bibi Vesta akawa anachunguza mawingu.

Babu akavua kofia.

"Miaka yote nimewaambia Elihu alipigania Kusini," akasema. "Tansy ameinua jiwe. Someni wenyewe. Alikuwa Kaskazini. Mimi sikuliinua kwa sababu nilidhani najua lilichoandikwa. Alirudi kwa miguu, hilo naamini. Kiatu kimoja..." Akakuna shingo. "Kiatu nitakifikiria."

Wengine wakacheka, wengine wakanuna. Shemeji mmoja akachukua sahani yake akahamia mbali. Babu akainama, akang'oa ile bendera ndogo, akaisokota, akaitia mfukoni.

Binamu yake Buell hakuweza kujizuia. "Denzil! Kumbe ulizaliwa Myankii na hukutuambia!"

"Na wewe Elihu ni babu yako, mjinga. Tumezaliwa wote."

"Aa! Na ile ya bandani je, nayo inahamia Kaskazini?"

Kila mtu akatazama chini bondeni, ilipokuwa nyekundu juu ya mbao za kijivu.

"Kula kuku wako, Buell," Babu akasema.

Ikaisha hivyo. Wakakunja mashuka, wakashuka, na Tansy akaosha sufuria. Elihu amesimama, Mama hajaja. Kwa hiyo jiwe limesaidia nini?

Jumanne alitoka shule, basi likamshusha konani, akatazama juu kwa mazoea. Ngazi ilikuwa imeegemea banda. Juu ya ngazi alikuwa Babu, na goti lake, na nyundo. Tansy akatupa begi, akakimbia.

"Babu! Shuka!"

"Shika ngazi. Usinishike mimi, shika ngazi."

Akashika. Misumari ilikuwa imeota kutu, ikitoka inalia. Mmoja, mwingine, wa tatu ukakatika kichwa na Babu akautukana kwa tukano ambalo Tansy hakulijua. Kisha kitambaa kizima kikaporomoka kikamfunika Tansy kichwa, kinanuka vumbi la tumbaku na mavi ya mbayuwayu. Alipojitoa, Babu alikuwa anashuka, ngazi kwa ngazi, akihesabu kwa kuguna.

Pikapu ya Buell ikapunguza mwendo barabarani. "Denzil! Siku hizi unaogopa watu?"

"Nafua!" Babu akapaza sauti.

"Itarudi lini?"

"Nguo kuukuu, Buell! Ikifuliwa inaisha!"

Buell akatikisa kichwa, akaenda zake. Babu hakuichoma bendera wala hakuikunja kwa heshima. Aliikumba na kuisukumia kwenye pipa la kamba zilizooza, akapangusa mikono kwenye suruali, akatembea mpaka jikoni, akasimama mbele ya simu.

"Nambari yake," akasema. "Mimi siijui kwa kichwa."

Tansy akabonyeza, akampa. Alitaka kutoka, Babu akamwonyesha kiti.

"Marlena? Baba yako." Akasikiliza. "Hapana, sijafa... Goti tu. Sikiliza. Imeshuka."

Tansy aliisikia sauti ya mama yake, ndogo, upande wa pili wa mto. Ilikuwa inauliza. Aliuliza kama imeshushwa kwa ajili ya mambo ya Elihu, maana Bibi Vesta keshampigia simu na kumwambia yote, na kama ni Elihu tu, basi kesho itapatikana sababu nyingine ya kuipandisha.

Babu akafungua mdomo, akafunga. Tansy aliiona ile hali, aliijua kuliko mtu yeyote duniani. Neno lilikuwa limefika kooni na linataka kugeuza. Hakumvutia. Alikaa tu kwenye kiti, akaokota kijiti cha kibiriti mezani, akakizungusha vidoleni, akasubiri. Marlena naye, huko Ohio, akasubiri.

"Si Elihu," Babu akasema mwishoni. "Ni mtoto. Ni kwa ajili ya mtoto. Na mumeo nilimwacha akageuza gari na sikutoka nje hata kumsalimia. Hilo nitamwambia mwenyewe."

Akasikiliza muda mrefu, akiitikia kwa kichwa kama vile anaonekana. "Jumamosi," akasema. "Haya. Jumamosi."

Akakata simu. Akasimama katikati ya jiko, mikono inaning'inia, mtu wa miaka sabini na mbili aliyepotea ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Tansy," akasema, "huyo mtoto anakula nini?"